Bendera ya ukutani: mstari mweusi unapandia upande gani?

FundiRangi_Mtwara:
Wakuu, habari za jioni. Naandika mabango hapa Mtwara mjini. Nimepewa kazi ya kuchora bendera na Nembo ya Taifa kwenye ukuta wa shule ya msingi, upande wa Nanyamba. Kamati wamenitumia picha mbili: moja mstari mweusi unapanda, nyingine unashuka. Ukuta uko tayari, rangi ya mafuta ipo. Watoto wataijua bendera yao kupitia ukuta huu, sitaki kubahatisha. Halafu, mzee mmoja wa kamati ameshikilia kwamba miguuni pa Bibi na Bwana kuna mkorosho. Ni kweli?

Mwl_Masasi:
Mkuu, unapanda. Anzia pembe ya chini upande wa mlingoti, malizia pembe ya juu upande unaopepea. Kijani juu kushoto, buluu chini kulia. Kimo 2 kwa urefu 3. Piga kamba ya chaki pembe kwa pembe, kisha weusi uugawe nusu huku, nusu huku. Wengi huupaka upande mmoja wa kamba, pembe zinakataa.

Tanganyika mwaka 1961 ilikuwa na mistari ya kulala ya kijani, njano na nyeusi. Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. Muungano ulipokuja, 26 Aprili 1964, zikaunganishwa, na tarehe 30 Juni tukapata hii. Kwa hiyo njano imetoka Bara na buluu Visiwani. Usiipunguze hata moja.

Binti_Mikindani:
Shikamoo yake huyo mzee, ila si mkorosho. Kwa mwanamume ni mkarafuu, kwa mwanamke ni pamba. Najua kwetu Kusini korosho ndiyo ada ya shule na ndiyo bati, na hata mimi ningefurahi kuiona pale, lakini nembo ichorwe ilivyo. Tafadhali, mkarafuu uonyeshe vikonyo vyake, usiwe majani tu. Wanasimama juu ya Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu. Ngao kuanzia juu: mwenge kwenye dhahabu, bendera, kisha wekundu wenye mkuki, shoka na jembe vilivyopishana, chini mawimbi. Utepe: "Uhuru na Umoja".

FundiRangi_Mtwara:
Ahsanteni sana, mzee nitamwonyesha. Kesho naanza na njano, maana nyeusi ikitangulia, njano haishiki juu yake.