Ushauri: mashine 9 za Windows 10 ofisini River Road, nianze na ipi?

RisitiRiverRd:
Hamjambo wadau. Hii ni ofisi ndogo ya kujaza ritani za KRA (mamlaka ya ushuru Kenya), kuprinti na kuskani. Tuna mashine tisa: tano zina prosesa ya Intel i5-4570, tatu i5-6500 na moja i5-8500. Zote zina RAM ya GB 8, Windows 10 toleo la 22H2 na Office 2016. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine zinafanya kazi vizuri na antivairasi inajisasisha kila siku. Bajeti inatosha kununua ex-UK (kompyuta za mitumba kutoka Uingereza) mbili tu. Fundi wetu anataka kuweka Windows 11 kwenye zote kwa flashi. Nimkubalie?

KirakaJumatano:
Pole na mawazo ndugu, ila hiyo antivairasi isikutulize. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, itaendelea kupokea orodha za vairasi hadi Oktoba 2028, na kazi yake ni kutambua programu hasidi zinazojulikana. Tundu lililo ndani ya Windows yenyewe linabaki wazi.

Tena hatari inapanda kila mwezi. Viraka, yaani marekebisho ya Microsoft ya kuziba matundu hayo, hutoka Jumanne ya pili, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu. Windows 10 na 11 zinatumia sehemu kubwa ya msimbo mmoja. Wadukuzi huchukua faili la Windows 11 la kabla ya kiraka na la baada, wanayalinganisha, wanaona mistari iliyobadilika, kisha wanajaribu mahali hapo hapo kwenye mashine ambayo haikupata kiraka. Kumbuka WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia: kiraka cha MS17-010 kilitoka 14 Machi 2017, shambulio likaja 12 Mei. Miezi miwili ilikuwa ikitosha kabisa kujikinga, na bado hospitali za Uingereza zilisimama.

Na hiyo Office 2016 ilikatwa siku ile ile ya Windows 10. Hati za wateja zinazokuja kwa imeili hufunguliwa humo, kwa hivyo usiisahau.

KizaziChaNane:
Anza na i5-8500, haina gharama. Kwa upande wa Intel Core, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kwenye namba kama 8500, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Inataka pia TPM, chipu ya usalama. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc. Ikisema hakuna TPM, usikimbilie Luthuli kununua chipu. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), washa Intel PTT, ambayo ni TPM iliyo tayari ndani ya mashine, kisha angalia tena.

Kikwazo kinachofuata huwa diski iliyopangwa kwa MBR, mtindo wa zamani, badala ya GPT. Nakili data nje kwanza, simamisha BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri) kama ipo, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikataa, hesabu vizigeu (sehemu ambazo diski imegawanywa). Vya msingi visizidi vitatu, na mashine nyingi za kampuni zina cha nne cha urejeshaji. Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert badala ya /validate. Ukiwasha upya, ingia BIOS moja kwa moja ubadilishe namna ya kuwaka kutoka Legacy kuwa UEFI. Ukiiacha Legacy, mashine itadai haioni mfumo, na hapo ndipo watu hufomati bure.

Kuhusu fundi: flashi ya kuruka masharti inafanya kazi, hata kwenye 4570. Shida inakuja baadaye. Microsoft haiahidi viraka kwa mashine za aina hiyo, na toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Matoleo ya Home na Pro hupewa miezi 24, halafu mtu lazima arudie kazi yote kwa mkono. Kwa mashine yenye ritani za watu, nakataa.

RisitiRiverRd:
Asante sana. Je, ule mpango wa kuongezewa viraka? Nimeona kuna njia ya bure, akaunti moja mashine 10.

LeseniHalali:
Huo ni wa watu binafsi na mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Leseni ya biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Jumla 427. Na ukijiunga mwaka wa pili, unadaiwa na wa kwanza. Kulipa hivyo kwa prosesa ya 2013 ni kutupa pesa. Ilipie tu mashine ambayo huwezi kuihamisha mwaka huu.

MintMtaani:
Mgawanyo wangu ungekuwa huu: 8500 na zile ex-UK mbili, zote kizazi cha 8 au zaidi, ndizo zishike ritani, eTIMS (mfumo wa ankara wa KRA) na imeili ya ofisi. Fomu za Excel za iTax, tovuti ya ritani ya KRA, zinategemea makro (programu ndogo ndani ya faili), na makro za Excel mara nyingi hukwama kwenye LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, kwa hivyo kazi hiyo ibaki kwenye Windows. Zilizobaki ziende Linux Mint 22, mfumo wa bure badala ya Windows, una viraka hadi 2029. Kabla ya kusakinisha, iwashe kutoka kwenye flashi ujaribu printa na skana zenu. Skana ndizo husumbua zaidi kuliko printa.

Kama diski bado ni za kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240. Mashine za 2013 zinapata nguvu mpya hapo.

KirakaJumatano:
Naunga mkono. Ila kabla ya kusakinisha Mint, hamisha PIN za KRA na nakala za vitambulisho vya wateja kutoka mashine zote zinazohamia Mint. Ukiuza diski za zamani, zifute kwanza kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue data imevuja, na kufomati kwa haraka hakufuti data yenyewe. Kwa diski za kuzunguka, amri ya format D: /p:1 inaandika juu ya kila sehemu. Iache usiku kucha.