Kuku wa sokoni aoshwe au asioshwe? Naombeni ushauri

MamaJunior_Tegeta: Habari wapendwa, naombeni mnitoe tongotongo. Mama mkwe yupo kwangu, broila akitoka sokoni Shekilango lazima apigwe ndimu na chumvi halafu asuguliwe bombani mpaka ang'ae. Wifi anasoma lishe, yeye anasema kumuosha ndio kusambaza bakteria, eti Uingereza walishatangaziwa toka 2014 waache. Hapa jikoni hapakaliki na mimi nina mtoto mdogo, akiharisha lawama zote kwangu. Nimfuate nani?

Kibubu: Achana na wazungu dada. Tumeosha toka enzi za bibi na tupo.

mzee_wa_mabanda: Kibubu acha utani. Wifi yuko sahihi ila kuku anaowasoma darasani sio hawa wetu. Wa kule anatoka kiwandani ameshasafishwa kafungwa, wa kwetu ananyonyolewa kwenye pipa la maji ya moto walilochovywa wenzake kibao, utumbo unapasukia hapohapo mezani. Hao bakteria wa kuharisha, salmonela na kampilobakta, wanakaa kwenye utumbo wa kuku mzima kabisa asiyeumwa, huwezi kumjua kwa macho wala harufu. Damu na manyoya toa, ila kwenye beseni, maji kidogo, taratibu, bomba likiwa wazi yale maji yanarukia mpaka vyombo ulivyoanika. Ukimaliza beseni, sinki na mikono kwa sabuni.

Chausiku88: Na ndimu inakata shombo tu jamani haiui hao wadudu. Kinachoua ni moto, nyama ifike nyuzi 74 mpaka ndani. Huna kipimo? Toboa paja pale kwenye kiungo, maji yakitoka na damu rudisha jikoni.

MamaJunior_Tegeta: Na nikimgandisha friza si wanakufa?

mzee_wa_mabanda: Wapi, hawafi wote, wanaobaki wanalala tu, barafu ikiyeyuka wanaamka. Afu myeyushie ndani ya friji chini kabisa kwenye bakuli, sio juu ya meza kutwa nzima na joto hili la Dar.

Chausiku88: Mbona hamuulizi kachumbari inakatiwa kibao gani?

MamaJunior_Tegeta: 😂😂 kibao humu ndani kipo kimoja

Chausiku88: Ndio hapo sasa! Kuku ataiva, nyanya haipikwi. Nunua cha pili, mpaka upate kata kachumbari kwanza kuku baadae. Ndimu ya mama mkwe usiiguse, mwache aweke, ugomvi wa nini. Na mtoto akiharisha damu au akipata homa usikae unasubiri, mpeleke hospitali.

MamaJunior_Tegeta: Asanteni, wifi nimemtumia huu uzi, ameblue tick tu.