Nimeuziwa SUV ya dizeli ya familia, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza naendesha kilomita ngapi kwa siku

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. SUV yangu ya dizeli, ya viti saba, niliyoinunua kwa ajili ya mke wangu na watoto watatu, iko gereji wiki ya tatu sasa. Haijagonga wala kugongwa. Haijabeba mzigo wa kuizidi. Nimeiendesha hivi tu: asubuhi hadi shule kilomita 4, kutoka hapo hadi kazini kilomita 3, jioni narudi njia ileile. Miezi minane. Hayo ndiyo matumizi yaliyoiua.

Kinachoniuma zaidi ya bili ya fundi ni kwamba kabla ya kununua niliuliza. Nilimuuliza muuzaji, nikamuuliza dalali, nikamlipa fundi aje alikague, nikawapigia ndugu wawili wanaoendesha dizeli miaka mingi. Wote wimbo mmoja: "Kaka chukua dizeli, dizeli haifi, inakunywa kidogo, gari hilo litakuzika wewe." Katika watu wote hao, hakuna aliyeniuliza safari zangu za kila siku zina urefu gani. Hilo lilikuwa swali la kwanza. Mtu yeyote anayejua dizeli ya kisasa angelianza nalo kabla hata ya kuniuliza nina bajeti gani.

Dizeli isiyokufa wanayoisifia ni ile ya zamani. Pampu ya mekanika, hakuna kompyuta, ekzosi ni bomba tu hadi nyuma, moshi ukitoka mweusi umetoka. Ile kweli ilivumilia. Lakini huko Ulaya sheria za kupunguza moshi wa magari ziitwazo Euro 5 zilipoanza mwaka 2009, magari mapya ya dizeli yakawa hayana namna ila kufungwa kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile mafundi wanachokiita DPF. Euro 6 ilipofuata mwaka 2014, mengi yakaongezewa na mfumo wa maji ya urea, yanayopulizwa kwenye ekzosi kupunguza gesi ya sumu. Kwa hiyo ukinunua SUV ya dizeli ya miaka hii, unanunua injini pamoja na kiwanda kidogo cha kusafisha moshi kilichoning'inia chini yake. Injini inaweza kuwa nzima kabisa na gari likakataa kwenda kwa sababu kiwanda hicho kimeziba.

Naomba nieleze kinavyoziba, maana mimi nimekuja kueleweshwa nikiwa nimeshaumia. Kichujio kinanasa masizi. Kikianza kujaa, kompyuta inaamuru yachomwe: inaingiza dizeli ya ziada kwenye silinda ili ekzosi ipande joto hadi kama nyuzi 600 za Selsiasi, masizi yageuke gesi, kichujio kibaki wazi. Kazi hiyo inataka injini iliyopata moto sawasawa na gari linalotembea bila kukatizwa, dakika 15, 20, wakati mwingine zaidi. Na dizeli inachelewa kupata moto kuliko petroli, kwa sababu haipotezi joto jingi. Sasa nipigieni hesabu mtu wa kilomita 4. Ninapofika getini mwa shule, geji ya joto ndiyo kwanza inafika katikati. Kompyuta inaanza kuchoma, mimi nazima. Jioni inaanza tena, nazima tena. Kila siku.

Dalili zilikuwepo, nazikumbuka zote. Kuna siku nazima gari na feni kubwa inaendelea kuunguruma peke yake. Kuna siku nimesimama kwenye foleni nasikia injini inazunguka haraka kuliko kawaida, na harufu ya kitu kinachoungua inaingia ndani. Ulaji wa mafuta unapanda siku hiyo, kesho unashuka. Nilimpigia fundi yuleyule aliyelikagua. Akaniambia ni kawaida ya dizeli. Angeniambia maneno haya tu, "usizime, endelea kuendesha hadi feni itulie", leo nisingekuwa naandika hapa.

Halafu ni hili la oili, ambalo bado linanitoa machozi. Kila wiki mbili nilikuwa natoa kijiti na kupima, kama nilivyofundishwa na marehemu baba. Mwezi wa nne oili haijapungua. Mwezi wa sita iko juu ya alama ya mwisho. Nikamwambia mke wangu tumepata gari zuri, haliguswi, oili haiishi. Kumbe ile dizeli ya ziada inayoingizwa kuchoma masizi, zoezi likikatizwa katikati, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili chini. Oili inaongezeka kwa sababu imeingia mafuta, na oili yenye mafuta ni nyepesi, hailindi chuma. Beringi za tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) zinategemea oili hiyohiyo na tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Tabo langu limekufa. Kwa hiyo tafadhali, mwenye dizeli yenye kichujio: oili ikipanda kwenye kijiti usifurahi. Kamwage oili siku hiyohiyo, kisha utafute kwa nini gari halimalizi kuchoma.

Gereji wameniambia kichujio kina masizi na pia kina majivu. Hivi ni vitu viwili. Masizi yanaungua. Majivu yanatokana na kemikali za oili na hayaungui kamwe. Yanajaa polepole hadi kichujio kitolewe kikaoshwe au kibadilishwe, mara nyingi baada ya kilomita 150,000 kwenda juu. Ndiyo maana dizeli hizi zinataka oili maalumu yenye majivu machache, na kopo lake huandikwa daraja kama ACEA C3. Mwenye gari wa kwanza akitia oili yoyote ya bei nafuu, kichujio kinajaa mapema na wewe ndiye unayerithi. Geji ya gari langu ilisoma kilomita 88,000 siku naliona. Majivu yaliyomo humo hayaafikiani na namba hiyo. Mwenye macho ameelewa.

Kichujio kipya, tabo na kazi vinafika zaidi ya theluthi ya bei niliyonunulia gari zima. Ndipo fundi wa pili akaniambia kwa upole kabisa: "Bosi, hicho kichujio tukitoboe tu, tuidanganye kompyuta, utaokoa hela." Nimekataa. Nchi nyingi ni kosa kisheria, na gari linaweza kukwama kwenye ukaguzi, lakini sikukataa kwa kuogopa ukaguzi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilitamka kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu, likauweka kundi moja na sigara. Wanangu wanapanda na kushuka nyuma ya gari hilo kila siku, ekzosi iko usawa wa kifua cha mdogo wao. Wale mnaoshauriana kutoboa kama vile ni kubadilisha wiper, fikirini nani anavuta hewa ile.

Na wazalishaji nao sitawasamehe kirahisi. Miaka ile walitangaza "dizeli safi" kwa kila lugha, kisha Septemba 2015 ikabainika kwamba Volkswagen iliweka programu kwenye magari kama milioni 11 duniani, inayotambua gari likiwa kwenye kipimo na kupunguza moshi wakati huo tu. Ugumu wa kusafisha dizeli walikuwa wanaujua vizuri kuliko sisi. Mteja ndiye aliyeachwa aamini kwamba anapanda gari la kawaida.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu "inakunywa kidogo" ndilo neno lililonimaliza. Ni kweli inakunywa kidogo. Chukua SUV mbili zinazolingana, ya petroli inakula lita 10 kwa kilomita 100, ya dizeli lita 7.5. Anayeendesha kilomita 30,000 kwa mwaka anaokoa lita 750. Hiyo ni pesa ya kueleweka, na mtu huyo yuko barabara kuu muda mwingi, kichujio chake kinajichoma bila yeye kujua. Anayeendesha kilomita 8,000 kwa mwaka anaokoa lita 200. Lita mia mbili! Toa hapo bei kubwa ya kununulia dizeli, toa oili maalumu, toa filta ya mafuta isiyosamehe uchafu wala maji, weka injekta moja tu iliyokufa. Injekta za leo zinapuliza mafuta kwa shinikizo la bar 2,000 na zaidi kwenye matundu membamba mno. Injekta haitengenezwi na fundi wa kando ya njia. Mimi nilitakiwa kununua petroli, au haibridi, ile ya petroli na umeme. Niliambiwa petroli ni ya watu wa mjini wasiojua magari.

Swali la pili ambalo hamtaulizwa ni dizeli mtakayotia ina salfa kiasi gani. Magari ya Euro 5 na Euro 6 yalibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kama pampu unazotegemea zinauza dizeli ya sehemu 500, gari la aina hiyo linakunywa kitu ambacho halikutengenezewa, na vifaa vya ekzosi ndivyo vitakavyolia kwanza. Usinunue kabla hujajua hilo kwa uhakika. Vilevile uliza kama gari linatumia maji ya urea, yale yanayouzwa kwa jina la AdBlue. Ni urea asilimia 32.5, iliyobaki maji safi. Yakiisha, gari linahesabu kilomita zilizobaki, kisha ukizima haliwaki tena mpaka ujaze. Na akitokea mtu akayamimina kwenye tanki la dizeli, usiwashe hata swichi, ita wa kulivuta.

Sasa mnaokwenda kuangalia gari wiki hii. Mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika, na mkifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Dizeli mbovu hujificha ikipata moto. Ikiwa baridi ndipo inaposema ukweli, inachelewa kuwaka, inatetemeka, inatoa moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma ni mafuta yasiyoungua au maji ya rejeta. Mweusi mwingi ni hewa na mafuta havilingani, inaweza kuwa injekta, tabo au vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, iliyoganda masizi. Halafu chukua kitambaa cheupe, pangusa ndani ya mdomo wa ekzosi. Gari lenye kichujio kizima linaacha kitambaa karibu safi. Kikitoka cheusi tititi, kichujio kimepasuka au kimeshatobolewa, haijalishi muuzaji anaapa nini.

Lakini kuliko vyote, nendeni na mtu mwenye kompyuta ya kusomea gari, na asiishie kuangalia kama kuna taa imewaka. Asome masizi yamejaa kiasi gani, gari limetembea kilomita ngapi tangu lichome mara ya mwisho, na kompyuta inasahihisha mafuta ya kila injekta kwa kiasi gani. Asome pia kilomita tangu kumbukumbu ya hitilafu ifutwe. Hiki cha mwisho ndicho kilichonifungua macho. Gari langu lilipofika gereji kompyuta ilisoma kilomita 2,946 tangu hitilafu zifutwe. Tangu siku ya mkataba nimetembea kilomita 2,905, geji iko kwenye karatasi na sahihi zetu wote wawili. Yaani kilomita 41 kabla sijakabidhiwa funguo, mtu alichomeka kompyuta akafuta hitilafu, taa zikazima, nikapeana mkono na muuzaji nikimshukuru.

Mengine nayapitia haraka. Kama ni ya magurudumu manne, angalia tairi zote ziwe saizi moja na zimeisha sawa, vinginevyo unaumiza mfumo wa kugawa nguvu. Kama ni ya viti saba, kaa mwenyewe kwenye safu ya tatu, uangalie mifuko ya hewa ya pembeni inafika huko na viti vya watoto vinafungwa wapi. Mimi nilikagua haya yote kwa makini kabisa, nikapoteza mchana mzima kwenye viti na mikanda, na chini ya gari sikuangalia.

Kwa wale watakaosema nilitakiwa kulipeleka barabara kuu kila wiki: sawa, nusu saa ya mwendo wa kasi inayoendelea ingesaidia sana. Nani aliniambia? Nilimlipa mtu mwenye ujuzi aje aniambie hayo hasa, akazunguka gari, akapiga teke tairi, akasema "injini iko vizuri", akachukua hela yake.

Kesho asubuhi naenda kwa muuzaji na karatasi mbili, mkataba na ripoti ya kompyuta yenye zile kilomita 41. Simtukani. Nataka aniambie nani alifuta, na hitilafu gani ilikuwa inaonekana kabla ya kufutwa. Akikataa, naenda kwa mwanasheria. Kama kuna aliyewahi kudai kwa ushahidi wa namna hii naomba aniandikie usiku huu kabla sijatoka, nahitaji kujua alianzia wapi. Mrejesho nitauleta hapahapa.