Tetemeko la Kagera na elimu ya watoto: nipime nini zaidi ya majengo?

Mwanafunzi wa uzamili, Bukoba

Ndugu wanataaluma, habari za kazi. Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu athari za tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 kwa elimu ya watoto wa Mkoa wa Kagera. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea Jumamosi alasiri, likaua watu, likaharibu maelfu ya nyumba, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa kwa muda. Taarifa karibu zote nilizosoma zinahesabu madarasa, vyoo na mabweni yaliyoanguka. Mimi ninaamini kwamba madhara makubwa zaidi yamo katika mwili wa mtoto na katika maisha ya nyumbani kwao, ila msimamizi wangu ananikumbusha, na ni haki yake, kwamba imani si ushahidi. Je, nifuate njia gani ili maafa, afya na elimu viunganike katika utafiti mmoja? Na je, yatosha kulinganisha matokeo ya mitihani ya kabla na baada ya 2016?

Mchambuzi wa takwimu

Haitoshi, na sababu kubwa iko katika mwaka wenyewe. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, kwa hiyo madarasa yalikuwa yamekwisha kufurika miezi kadhaa kabla ardhi haijatikisika. Ukilinganisha kabla na baada pekee, utalibebesha tetemeko mzigo ambao si wake. Tafuta maeneo yaliyopata elimu bila ada wakati uleule lakini hayakutikiswa kwa kiwango kilekile: linganisha vijiji vya Bukoba na Misenyi, kaskazini, vilivyoumia sana, na vile vya kusini mwa mkoa, kisha uangalie tofauti kati yao ilibadilikaje baada ya Septemba.

Lakini kabla ya kwenda uwanjani, soma kwa makini ule utafiti mkubwa wa kaya za Kagera ulioanza mwaka 1991, ambao kwa maoni yangu ni hazina ambayo wanafunzi wetu hawaitumii ipasavyo. Ulianzishwa ili kujua vifo vya watu wazima, hasa kutokana na UKIMWI, vinaiathirije familia, na kaya zaidi ya 900 zilihojiwa mara kadhaa hadi 1994. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale popote walipokuwa, hata nje ya nchi, na kwa kuwa watoto wa zamani walikuwa wamekwisha kuanzisha kaya zao wenyewe, zile kaya za mwanzo zikawa zaidi ya 2,700. Walirudi tena mwaka 2010. Takwimu zake zinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Benki ya Dunia.

Katika takwimu hizo, watoto waliofiwa na mama walionekana, walipofikia utu uzima, kupoteza takriban sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa masomo. Uchambuzi mwingine wa takwimu hizohizo ulionyesha kwamba kaya ilipopoteza mazao, kazi za watoto ziliongezeka, na kwamba kaya zenye mali ziliweza kulipunguza pigo hilo. Hapo ndipo penye njia unayoitafuta: pigo huingia nyumbani, nyumba hukosa fedha au mikono, na mtoto ndiye anayeziba pengo.

Mtaalamu wa lishe

Ninaongezea upande wa afya. Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka Zimbabwe, ambako watafiti waliwafuatilia watoto waliokumbwa wakiwa wadogo na vita vya kabla ya uhuru na ukame wa 1982 hadi 1984. Walikadiria kwamba kama mtoto wa kawaida katika kundi lile angekuwa na kimo cha watoto wa nchi zilizoendelea kabla ya kuanza shule, angefika ujanani akiwa mrefu zaidi kwa sentimita 3.4 na akiwa amemaliza madarasa 0.85 zaidi.

Hata hivyo, ndugu yangu, usichukue matokeo ya ukame ukayavisha tetemeko. Ukame huondoa chakula chenyewe, ilhali migomba ya Bukoba iliendelea kusimama siku ile. Kama kimo cha watoto kiliathirika, yamkini ni kwa sababu fedha ya chakula ilikwenda kwenye mabati na matofali, au kwa sababu familia zililala nje mvua za vuli zilipoanza na watoto wakaugua. Uliza mambo hayo mojamoja.

Tena uwe mwangalifu na umri, kwa maana kimo hulinganishwa na umri, na mwezi mmoja wa makosa huharibu kipimo cha mtoto mdogo. Omba kadi ya kliniki kwanza. Ikiwa imepotea chini ya kifusi, tumia kalenda ya matukio: wahojaji wa miaka ya nyuma wangeweza kuuliza kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, wewe unalo tetemeko lenyewe.

Mwalimu mkuu mstaafu, Misenyi

Wanangu, mmesema vema, lakini mtihani humpima aliyeufanya tu. Mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake Karagwe, au aliyeacha shule akaenda kuvua, hayumo katika matokeo. Anza na daftari la mahudhurio la Agosti 2016, andika kila jina, kisha fuatilia mmojammoja. Utaona jina lililopewa alama ya utoro wiki baada ya wiki, halafu likakatwa kwa kalamu nyekundu bila fomu ya uhamisho. Huyo ndiye unayemtafuta.

Mwanafunzi wa uzamili, Bukoba

Shikamoo, Mwalimu, nami ninawashukuru nyote. Muda na fedha zangu ni kidogo. Je, nikichagua shule nne nitakuwa na jambo la kusema?

Mchambuzi wa takwimu

Utakuwa nalo, mradi usidai kuusemea mkoa mzima. Chukua mbili kaskazini na mbili kusini, na utenge fedha za kuwatafuta waliohama hata kama itakubidi upunguze idadi ya watoto. Katika ule utafiti wa Kagera, kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi (kipimo cha hali ya maisha) kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ule wa ndugu waliobaki. Ukiwaacha waliohama, picha yako itapinda. Kwa kuwa utawapima watoto miili, anza mapema kuomba kibali cha maadili kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na kile cha utafiti kwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na barua za mkoa na wilaya uzifuatilie mwenyewe kwa miguu.