Kupigwa picha ya uso mlangoni: je, sheria inanilinda?

Mkazi wa Ipagala: Ndugu zangu, juzi niliingia katika ofisi moja hapa Dodoma, nikapigwa picha ya uso mlangoni kabla hata sijaulizwa shida yangu, wala sikuelezwa itahifadhiwa kwa muda gani. Je, ninayo haki ya kuhoji?

Mkazi wa Kisasa: Unayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa akueleze kusudi lake. Usiporidhika, ipo Tume ya kupokea malalamiko.

Mkazi wa Nzuguni: Kamera yenyewe hainitishi (mlinzi naye ana macho), ila mlinzi husahau. Programu ya akili mnemba huugeuza uso kuwa namba na kuulinganisha na nyuso nyingine nyingi, na ikikosea anayeumia ni mtu: mwaka 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mwanamume mbele ya familia yake kwa sababu mashine ilimfananisha na mwizi. Nenosiri likivuja hubadilishwa, uso je?

Mkazi wa Ipagala: Ahsanteni. Kesho ninapeleka barua.