Naajiri fundi wa kwanza kwa 300,000 kwa mwezi: mfukoni inatoka shilingi ngapi hasa?

Mshono Sinza

Habari zenu wakuu. Nina fremu ya ushonaji hapa Sinza: sare za shule, magauni ya sendofu, madera kidogo. Mpaka sasa kazi zikizidi nagawa kwa mafundi wa kipande. Shati la shule nalipa 2,000, sketi ya marinda 3,000. Fundi anamaliza, tunahesabu, anaondoka na chake. Shida inakuja Desemba. Wote wanakimbilia Kariakoo kwenye oda kubwa, mimi nabaki na wazazi wanaonipigia simu usiku kuulizia shati la mtoto.

Sasa nimempata binti kamaliza VETA Chang'ombe, mkono wake msafi, kola anaikalisha vizuri. Anakaa Gongo la Mboto. Nimemwambia 300,000 kwa mwezi, kakubali. Shemeji yangu mhasibu kusikia tu akaanza: kuna NSSF, kuna WCF, kuna SDL, kuna PAYE, kuna likizo... nikaishia kuitikia. Naombeni mliokwisha kupita huku mnieleweshe. Mwisho wa mwezi natoa ngapi? Kodi yangu TRA nalipa kwa kiwango cha mauzo, milioni 100 kwa mwaka sizifikii hata kwa ndoto.

Kijana wa Tabata

Dada unajisumbua. Mpe laki tatu yake mkononi, hayo ya NSSF waachie wenye viwanda. Nani atakuja Sinza kukagua fremu yenye cherehani mbili?

Mama Sare Mbagala

Mdogo wangu, huyo hapo juu muache kwanza, nitamrudia.

Mimi nashona sare Mbagala, na wafanyakazi ninao, kwa hiyo nakwambia ninachokilipa. Shemeji yako kakutajia vitu vingi kwa mkupuo mpaka kakutisha, wakati vingine havikuhusu. SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ni asilimia 3.5, lakini inamhusu mwenye wafanyakazi kuanzia 10. Wewe una mmoja, isahau. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakatwa kwenye mshahara wa binti, haitoki kwako, na kwa mshahara huo ni sifuri. Angalia: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango wote ni asilimia 20, mnagawana kumi kwa kumi. Kwenye 300,000 yeye anakatwa 30,000, inabaki 270,000. Na kodi ya mshahara inaanza kuhesabiwa juu ya 270,000. Umepatia bila kujua. Siku ukimpandisha hadi 350,000, NSSF yake itakuwa 35,000, kinachobaki ni 315,000, na ile 45,000 iliyozidi inakatwa asilimia 8, yaani 3,600, unaipeleka TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Kwako wewe: 300,000, jumlisha NSSF yako 30,000, jumlisha WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, asilimia 0.5 ambayo ni 1,500. Jumla 331,500. Na mwambie binti mapema kwamba mkononi atapata 270,000. Usingoje mwisho wa mwezi, maana hapo ndipo maneno yanapoanza, ataona umemdhulumu na wewe utaona hana shukrani.

Hiyo ndiyo hesabu ya mhasibu. Ya fundi ni nyingine.

Sheria inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Karibu mwezi mzima. Kwa hiyo unalipa miezi 12, unafanyiwa kazi 11. 331,500 mara 12 ni 3,978,000. Gawa kwa 11 unapata kama 361,600. Gawa tena kwa siku 26 za kazi, ni 13,900 kwa siku. Weka na chakula cha mchana, maana binti ametoka Gongo la Mboto na daladala mbili, hutamuacha ashinde na maji. Sahani ya mama ntilie weka 2,500. Sasa una 16,400 kila siku ya Mungu anayoingia hapo.

Rudi kwenye kipande chako. Shati 2,000. 16,400 ni mashati manane na kidogo. Maana yake mpaka afikishe shati la nane hujapata faida yoyote kwa kumwajiri, bora ungempa fundi wa kipande. La tisa na la kumi ndiyo yako. Januari atafika kumi bila shida. Machi je? Machi mimi kuna siku naangalia ukuta. Sare zimeshanunuliwa, wengine wako Kwaresima, wengine kwenye mfungo wanasubiri Idi ikaribie ndiyo waje na vitenge wote siku moja. Siku ya mashati matatu utakuwa umelipa 16,400 kwa kazi ya 6,000, na mshahara haungoji mteja.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji hawezi kulijua. Nani anakata? Fundi wa kipande unampa furushi lililokatwa jana usiku, anaenda nalo kwake. Huyu atakuwa amekaa mbele yako saa mbili asubuhi, mguu uko kwenye pedeli, anakusubiri wewe. Wewe uko na mteja anapimwa gauni, mwingine anabishana bei, jora la tetroni halijafunguliwa. Mashine inanyamaza. Mafundi wengi wanasema "mfanyakazi mvivu" kumbe hajakatiwa kitambaa. Mimi nilipoweka mtu wa kwanza nilihamisha ukataji wote usiku na Jumapili, na mchana nikaanza kupokea wateja kwa saa maalumu. Ukifika hapo jiulize kama wewe mwenyewe una nguvu hizo, maana hakuna risiti yake.

Ushauri wangu: kabla hajaanza, uwe na mishahara yake ya miezi mitatu pembeni. Kwa hesabu yako ni 994,500, sema milioni. Siyo pesa ya kitambaa, siyo pesa ya kodi ya fremu. Kama huna, endelea na kipande mpaka uipate.

Na wewe Kijana wa Tabata: sindano ya cherehani ya umeme ikipita kwenye kidole cha binti wa watu, nani analipa hospitali? Hiyo 1,500 ya WCF ndiyo kazi yake. Kwa bei ya soda mbili unataka dada alale na wasiwasi.

Kijana wa Tabata

Haya mama, nimenyoosha mikono. Ila WCF kulipa nayo ni safari.

Mama Sare Mbagala

Na ya kudai mshahara unayoijua wewe, ya "njoo kesho", ndiyo safari fupi?

Mpokea Wageni

Naongezea kidogo, nimefanya kazi kwenye ofisi ya watumishi miaka fulani.

Dada, hao mafundi wa kipande nao usiwahesabu kuwa ni bure kisheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa wako ikitimia hata sifa moja kati ya zilizotajwa pale: unamwelekeza namna na saa za kufanya kazi, au unampa vifaa, au amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, au anakutegemea wewe kwa riziki. Fundi anayekuja kwenye fremu yako kila siku na kukalia cherehani yako, hata kama unamlipa kwa shati, akienda CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi, utapata kazi ya kuthibitisha kwamba si mwajiriwa. Anayechukua furushi kwenda kushonea kwake kwa mashine yake, anayeshonea na watu wengine, huyo ni habari nyingine.

La pili ni kima cha chini. Kuanzia 1 Januari 2026 wastani wa sekta binafsi ulipanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Watu wanaishika hiyo 358,322 kama ndiyo mshahara wa chini wa kila mtu, na siyo. Ni wastani wa sekta zote, na kila sekta ina kiwango chake kwenye jedwali la amri ya mishahara. Tafuta mstari wa sekta yako kwenye jedwali kabla hujasaini chochote.

La tatu, saa. Wiki ni saa 45, siku isizidi 9. Desemba ukimuweka kupita hapo, saa za ziada ni mara moja na nusu. Sikukuu ni mara mbili. Hiyo ndiyo inayokula faida ya msimu, na wengi hawaiweki kwenye hesabu.

Mshono Sinza

Asanteni sana jamani. Mama Sare, hiyo ya kukata umenigusa, mimi ndiye mkataji pekee na sikuwa nimeifikiria kabisa.

Maswali mawili. Mshahara nikiulipa, si unapunguza kodi yangu TRA? Na samahani kwa kuuliza, kuna mtu kanishauri nichukue mvulana, kwamba binti ataolewa azae nimlipe akiwa nyumbani.

Mama Sare Mbagala

La kodi: hapana. Wewe unatozwa kwa mauzo, siyo kwa faida. Ukiuza milioni 40 kodi ni ya milioni 40, uwe umelipa mishahara au hujalipa. Mshahara unaanza kupunguza kodi ukishahamia kwenye hesabu kamili za faida na hasara. Kwa hiyo usijidanganye kwamba serikali itakurudishia kidogo. Hiyo 331,500 yote inatoka mfukoni mwako.

La binti: uzazi ni siku 84 zenye malipo, mapacha 100. Ni kweli ni pesa. Piga hesabu, ni kama mishahara mitatu, na wakati huo utatafuta fundi wa kipande wa kushikilia. Lakini huyo mvulana nani kakwambia atakaa? Mimi wavulana wamenikimbia msimu ukianza tu, mmoja aliaga anakwenda msibani nikamkuta Kariakoo kashika mkasi. Halafu kumkataa mtu kazi kwa sababu ni mwanamke ni kosa kisheria. Kola anaikalisha au haikalishi? Basi.

Cha kuhofia zaidi ni kitambaa. Wiki za mwanzo ataharibu. Usidhani utakata kwenye mshahara kienyeji, sheria ina utaratibu wake. Weka mita kadhaa za kujifunzia kwenye bajeti, na uanze naye kipindi cha kazi chache, siyo Desemba. Mtu anayejifunza mashine yako wakati wazazi wamejaa mlangoni atakuharibia majina mawili, lake na lako.

Mshono Sinza

Basi ataanza Februari. Mkataba niandike mwenyewe au lazima wakili?

Mpokea Wageni

Andika mwenyewe, kwa Kiswahili anachokielewa, nakala mbili, msaini wote. Weka jina lake, umri, anwani na jinsia, alikoajiriwa, kazi yake ni nini, tarehe ya kuanza, mkataba ni wa aina gani na wa muda gani, mahali pa kazi, saa, mshahara na unavyokokotolewa, na hicho chakula kama umeahidi. Weka kipindi cha majaribio. Ndani ya miezi sita ya kwanza hawezi kukushtaki kwa kuachishwa kazi isivyo halali, lakini notisi yake ipo palepale: mwezi wa kwanza siku 7, baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Akitimiza mwaka na ukamuachisha wewe, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, kwake kama 80,000, tenga 6,700 kila mwezi. Nakala yako itunze vizuri, maana mkifika CMA bila karatasi ni wewe unayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini.