Kilo 19 zimeingia kidogokidogo tangu ujana, sasa presha inapanda. Nianzie wapi?

Kipepeo wa Jioni:
Habari zenu wadau. Nina jambo linanitia wasiwasi, naomba mawazo ya wenye uzoefu na wataalamu kama mpo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43. Nilipoanza kazi nikiwa na miaka 22 nilikuwa na kilo 57. Leo nina kilo 76, urefu sentimita 163. Sikunenepa ghafla. Mwaka huu kilo moja, mwaka unaofuata nyingine, nikajifungua mtoto wa kwanza zikabaki kadhaa, wa pili vilevile. Kila niliyemgusia aliniambia ni umri, mwili wa mama ndivyo ulivyo. Na kweli ukiniona huwezi kuniita mnene, ni tumbo tu limejaa.

Majuzi wahudumu wa afya walikuja kazini kutupima. Presha yangu ikasoma 148/94. Wakarudia palepale, 144/92. Lakini mkanda ulifungwa juu ya sweta, na nilikuwa nimetoka kupanda ngazi, kwa hiyo sijui niamini nini. Kichwa hakiniumi, sina kizunguzungu. Mume wangu anasema siku hizi nakoroma, basi.

Kinachoniogopesha ni mama yangu. Alipata kiharusi akiwa na miaka 58, na presha yake iligunduliwa siku hiyohiyo hospitalini. Naye hakuwa akiumwa chochote. Je, hizi kilo zinaweza kuwa ndizo chanzo? Nikizipunguza presha itashuka, au ndiyo naanza dawa za maisha?

Nguzo:
Dada usijitie hofu bure. Mimi nina kilo 98, kitambi ninacho, na presha yangu haijawahi kuzidi 125/80. Wapo wembamba kabisa wanaomeza dawa kila siku. Hiyo ni damu ya ukoo, umeitaja mwenyewe. Uzito hauhusiki.

Nesi wa Zamu:
Pole dada Kipepeo. Kabla hatujabishana kuhusu uzito, tuanze na kipimo chenyewe, maana namba za siku ile hazitoshi kukupa jibu.

Presha hupimwa ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, bila kukunja nne. Mkono uegemezwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya nguo. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara, na uende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kikijaa presha hupanda. Wakati mashine inasoma usiongee. Wengi tunapimwa huku tunaulizwa jina na umri, tunajibu, kisha tunashangaa namba.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni ukubwa wa mkanda. Mkono ukinenepa, mkanda wa kawaida unakuwa mdogo, na mkanda mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida inafaa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo omba mkubwa.

Ukiweza pata mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Pima asubuhi kabla ya kula na jioni, kila mara vipimo viwili vyenye dakika moja katikati, kwa siku saba. Siku ya kwanza usiihesabu, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka wetu ni 135/85. Kliniki ni 140/90, kwa sababu mbele ya mhudumu wengi hupanda kidogo. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kulegea, usisubiri siku saba. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mwalimu wa Baiolojia:
Nimjibu kaka Nguzo kwa heshima, kwa sababu kauli ya "uzito hauhusiki" imechelewesha watu wengi.

Mtu mmoja mwenye kilo nyingi na presha nzuri hafuti kinachoonekana kwa maelfu. Kuna utafiti wa wauguzi wanawake wa Marekani ulioanza 1976. Matokeo yake kuhusu uzito na presha yalichapishwa 1998, na waliohusishwa walikuwa zaidi ya elfu 82. Waliangalia uzito wa kila mmoja akiwa na miaka 18, kisha uzito wake wa baadaye. Walioongezeka kilo 5 hadi karibu 10 walikuwa na hatari ya kupata presha ipatayo mara 1.7 ya wale ambao uzito wao haukubadilika zaidi ya kilo mbili. Walioongezeka kilo 25 na zaidi, hatari ilipita mara tano. Dada Kipepeo na kilo zake 19 yuko katikati hapo. Ukoo una nafasi yake, sikatai, lakini ukoo na uzito hujumlishana.

Ndiyo maana mimi sipendi mtu ajipime kwa kumtazama jirani. Jilinganishe na mwili wako ulipokuwa na miaka ishirini. Kilo unazoongeza ukiwa mtu mzima, urefu ukiwa umeshakoma, kwa sehemu kubwa ni mafuta, na mengi hukaa tumboni.

Mafuta ya tumboni hayakai pale bure. Yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na figo, huzibana figo, nazo zikibanwa hubakiza chumvi na maji mwilini. Damu ikaongezeka ujazo. Seli za mafuta zenyewe hutoa homoni, mojawapo inaitwa leptini, ambayo huichochea mishipa ya fahamu ile inayoamka mtu anaposhtuka. Insulini, homoni ya kudhibiti sukari, nayo hupanda kwa sababu mwili hauiitikii vizuri tena, na insulini nyingi huziambia figo zishike chumvi. Halafu kuna mfumo wa homoni za renini na anjiotensini unaokaza mishipa ya damu, nao huongezewa nguvu. Yote haya hutokea bila kuumwa chochote, kama ilivyokuwa kwa mama.

Na hiyo ya kukoroma isipite hivihivi. Mafuta yakijaa shingoni njia ya hewa huziba usingizini, pumzi inakatika, oksijeni inashuka, presha inaruka usiku kucha. Mwambie shemeji akusikilize: je, unanyamaza ghafla kisha unavuta hewa kwa nguvu? Mchana unasinzia ukiwa umekaa? Kama ndiyo, mwambie daktari.

Nguzo:
Mwalimu nimekuelewa. Hilo la kujilinganisha na ujana wangu sikuwahi kuliwaza. Nitapima kwa hiyo njia ya Nesi.

Jani Bichi:
Dada kuna chai za kuondoa tumbo, rafiki yangu alishuka kilo nne ndani ya wiki. Jaribu.

Nesi wa Zamu:
Jani Bichi najua nia ni njema, ila naomba dada asijaribu. Kilo nne za wiki moja kwa kiasi kikubwa ni maji. Nyingi ya chai hizo huharisha au hukojoza, madini kama potasiamu yanaweza kushuka, na moyo ukapoteza mapigo yake ya kawaida. Nyingine huwa na vichocheo vinavyopandisha presha yenyewe.

Na tukiwa hapo: dada, unatumia dawa gani kwa sasa? Ibuprofeni na diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, dawa za kuzibua pua, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, dawa za steroidi, zote zinaweza kupandisha presha. Na ulipokuwa mjamzito, presha ilipanda? Aliyepata presha ya ujauzito hubaki na hatari kubwa zaidi miaka ya mbele hata kama ilishuka baada ya kujifungua.

Baba Pacha:
Niseme lililonisaidia mimi. Nilianza na kilo 94 nikiwa tayari kwenye dawa mbili. Daktari aliniambia nisiwaze kurudi kwenye uzito wa ujana, nianze na kilo tano, kwa sababu kwa wastani kila kilo inayotoka huondoa kama pointi moja kwenye namba ya juu. Kilo tano si nyingi, lakini zilibadili namba zangu, na nilipoendelea alinitoa dawa moja. Aliitoa yeye, kwa vipimo. Sikuacha mwenyewe.

Nilichofanya ni hiki: vinywaji vyote vya sukari nikaacha, juisi pia. Chumvi nikaiondoa mezani, ikabaki ya jikoni, na hiyo nikaipunguza. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa kwa mtu mmoja kwa milo yote, pamoja na ile iliyofichwa kwenye vyakula vya viwandani. Sahani nikaijaza mboga nusu yake. Na kutembea kwa haraka, nusu saa, siku tano za wiki. Si kukimbia, ni kutembea kule ambako ukiongea unaongea lakini kuimba huwezi.

Mke wangu alibadili chakula pamoja nami. Bila hilo nisingefika popote, maana huwezi kula peke yako sahani tofauti miezi yote hiyo.

Kipepeo wa Jioni:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mkono wangu ni sentimita 34, kwa hiyo nimetafuta mkanda mkubwa. Wastani wangu wa nyumbani umetoka 139/88. Umeshuka ukilinganisha na ule wa kazini, ila bado uko juu ya mpaka. Presha ya ujauzito niliipata mimba ya pili, na hakuna aliyewahi kuniambia niendelee kupima. Diklofenaki nameza mara nyingi kwa ajili ya goti. Nina miadi na daktari wiki ijayo. Nimwambie nini? Na akinipa dawa nikubali, au niombe nijaribu uzito kwanza?

Nesi wa Zamu:
Nenda na karatasi ya vipimo vyako vyote, si wastani tu, na mashine yenyewe ilinganishwe na yao. Mtajie diklofenaki, mimba ya pili, kukoroma na kiharusi cha mama. Tegemea kupimwa figo, mkojo kama una protini, sukari, mafuta kwenye damu na moyo.

Kuhusu dawa: kwa namba kama zako, kama figo, moyo na sukari viko salama, daktari anaweza kukubali kukupa miezi kadhaa ya kurekebisha uzito na chumvi huku unapima. Muombe muamue pamoja na mpange tarehe ya kurudi. Lakini akiona dawa inahitajika sasa, ikubali. Ukipungua uzito, dawa huweza kupunguzwa, wengine huachishwa kabisa kama Baba Pacha alivyoachishwa moja. Goti nalo litashukuru kilo zikipungua, na muulize dawa nyingine ya maumivu.

Chipukizi:
Samahani nidandie uzi. Nina miaka 27, tangu nimalize chuo nimeongezeka kilo 6. Presha 118/76. Nami inanihusu?

Mwalimu wa Baiolojia:
Inakuhusu sana, na umewahi. Kilo 6 kuzizuia zisiwe 10 ni kazi nyepesi kuliko kutoa 19. Pima kiuno chako, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Kisizidi nusu ya urefu wako. Kiandike pamoja na tarehe, na presha upime angalau mara moja kila mwaka hata usipoumwa. Suruali ikianza kubana, usinunue kubwa zaidi kabla hujapanda kwenye mizani.